Fundi wa Pichani

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mafua tu yameniganda kama kupe. Sweta lako limefika, ila mikono umeifuma kana kwamba bado nakua.

Unasema lile tangazo la chuo lenye picha yangu umelibandika sebuleni, mimi na ovaroli la bluu nimeinamia injini. Libandue, Shangazi. Injini ile haina pistoni hata moja. Miaka miwili tuliipangusa na kuipaka rangi, wala hakuna aliyewahi kuisikia ikiunguruma. Kwenye mahafali tukavishwa kilemba cha ukoka, tukajipigia makofi wenyewe. Kila gereji niliyobisha hodi, wakisikia jina la chuo wanaangua kicheko.

Hiyo kazi uliyowatangazia majirani ni ya hapahapa chuoni. Wazazi wakija kutembelea, navaa ovaroli, najipaka grisi mashavuni, nashika spana. Mkuu wa chuo anawaambia, "Huyu ni zao letu, aliajiriwa hata kabla ya kupokea cheti." Wala hadanganyi. Aliyeniajiri ni yeye.

Sasa kitinda mimba wako kaiona picha, hataki kusikia chuo kingine. Mzuie, Shangazi, hata kwa kumfungia mlango. Maana akifika hapa na sanduku lake, na mkuu amesimama nyuma yangu, nitamkumbatia na kumwambia, "Karibu mdogo wangu, utakuwa fundi kama mimi."

Ndiyo kazi yangu.

Mwanao wa sebuleni