Kidole Kimoja Chini ya Bawa

Lubumbashi, Hewa Bora
4 Juni 1993

Kwa shemeki Casimir,

Salamu nyingi toka nyumbani. Mimi ni mzima, ila mgongo. Mama naye ni mzima, anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi hii ya Juni. Na wewe, mwili unaendeleaje? Pierre wa treni ametuambia kwamba mlifika Mwene-Ditu baada ya wiki tatu njiani. Tulimshukuru Mungu.

Shemeki, sitazunguka. Ndege yetu ya mfano inanitesa. Tangu ulipoondoka sijapata amani nayo. Mita tatu na ishirini toka ncha ya bawa hadi ncha, Jumapili zetu za miaka minne, na haiwezi kutulia juu ya vidole viwili. Tunaiinua mimi na jirani Ngosa, kila mtu kidole kimoja chini ya bawa lake. Mkia unaanguka. Nikifunga risasi puani iwe nzito, pua inaanguka. Tukisogeza vidole, inakuwa habari nyingine tena. Kazi yangu ilikuwa injini na telekomande ya kuiongoza toka chini. Mahali pa mizani, pa kuweka vidole, ulipajua wewe, na daftari lako ulikwenda nalo.

Jana niliikimbiza tu chini, kwenye uwanja ule wa karibu na Naviundu. Ilinyanyua pua, ikakaa matako, ikavunja helisi, pangaboi yake. Mtaa mzima ulicheka. Mtu mmoja akaniambia: "Ndeke ilikuwa ya Mukasai. Alienda nayo. Weye ulibakia na kisanduku ya telekomande."

Nataka iruke kabla ya mvua, wafunge midomo. Niandikie namba: sentimita ngapi toka ukingo wa mbele wa bawa?

Huguette na watoto hawajambo, wako kwa Mama.

Shemeki wako,
Kunda


Mwene-Ditu
27 Juni 1993

Kwa shemeki Kunda,

Nakusalimu, na Mama nampa pole ya kikohozi. Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa. Kwenye kizuizi kimoja cha njiani askari walisoma kwamba unafunga risasi puani, wakamshika Pierre nusu siku wakimuuliza ni pua ya nani. Siku nyingine uzito huo uandike kwa Kifaransa, plomb.

Unauliza mwili. Nalala ndani ya darasa la shule pamoja na familia nne, tumegawana sakafu kwa madawati. Nimekonda, lakini natembea.

Sasa nisikilize. Ndege umeiandikia ukurasa mzima. Dada yako, ambaye ni mke wangu, na binti zangu wawili, umewapa mstari mmoja, tena wa mwisho. Halafu unasema "tangu ulipoondoka". Sikuondoka, shemeki. Niliondolewa, kama Wakasai wote wa mji huo. Na pale gare, stesheni, ni wewe uliyemshika Huguette mkono, ukaniambia atakuja na treni ya pili. Treni ya pili imefika, na ya tatu, na ya sita. Kila moja naingojea, natazama wanaoshuka mpaka mabehewa yanabaki matupu.

Najua desturi yenu. Kwenu dada ni wa kaka yake hata akiolewa, na watoto ni wa mjomba. Kwetu sivyo. Bénédicte na Dorcelle ni wangu, na mama yao ni wangu. Humu nimeweka karatasi niliyomwandikia Huguette. Mpe mkononi.

Anakuja lini? Nipe tarehe, nitakupa namba.

Shemeki wako,
Casimir


Lubumbashi, Hewa Bora
11 Julai 1993

Kwa shemeki Casimir,

Salamu. Huku wote ni wazima, tunatumaini nanyi pia.

Barua yako imeniudhi, na sitaficha. Usinifanyie biashara na dada yangu. Wewe mwenyewe umeandika: sakafu, darasa, familia nne. Nimtume Huguette na watoto wawili wakalale chini ya dawati? Akifia huko, Mama hatamwuliza Casimir. Ataniuliza mimi. Wajomba wataniuliza mimi. Ndivyo ilivyo kwetu, na ulilijua hilo siku ulipokuja kuoa.

Karatasi yako nilimpa. Aliisoma, halafu akasema hataki kuja. Nakuandikia kama alivyosema, usinikasirikie mimi.

Upande wangu, hali ni hiyo hiyo. Luano, kwenye kiwanja cha ndege, hakuna kazi. Tangu karakana iporwe tunakwenda kusaini na kurudi nyumbani, kwa hiyo siku nzima niko na ndege hii tu, naisogeza, naipima, naitukana. Nimeshaongeza plomb mpaka kilo moja na nusu, na bado sijui kama ni nyingi au kidogo. Wewe unajua na unanyamaza. Huo si uungwana.

Shemeki wako,
Kunda


Mwene-Ditu
2 Agosti 1993

Kunda,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi nipo.

Nimesoma kwamba Huguette hataki. Sitauliza tena.

Namba ni kumi na tisa. Sentimita kumi na tisa toka ukingo wa mbele. Pima tangi likiwa tupu, maana liko puani, na mafuta yakipungua uzito unarudi nyuma. Toa plomb yote, hutaihitaji. Irushe.

Aliyekuwa shemeki wako,
Casimir


Lubumbashi, Hewa Bora
30 Agosti 1993

Kwa shemeki Casimir,

Nakusalimu, na bado nakuita shemeki. Mama kikohozi kimekwisha. Mimi sina usingizi.

Nilikuamini. Kumi na tisa, tangi tupu, na ndege ikatulia juu ya kidole changu na cha Ngosa, sawasawa, nikataka kulia. Jumamosi asubuhi watu walijaa pale Naviundu. Nikairusha. Ilipanda wima. Nilisukuma fimbo ya telekomande mpaka mwisho, haikusikia. Ikageuka mgongo, ikaja chini mbele ya kila mtu. Bawa la kushoto ni vipande vitatu, na injini tuliichimbua ardhini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Huguette na barua yako mkononi. Nilitaka aone bwana wake ni mtu wa namna gani. Alikuwa anachekecha unga. Nilimpigia kelele kwamba umeniandikia kumi na tisa, na yeye hakuinua hata kichwa. Akasema: "Iko kumi na ine, kaka. Ni miye nilishonaka kitambaa ya mabawa. Kila Jumapili Casimir alikuwa ananiita nishike mètre ya kupimia. Ata Bénédicte anajua. Juu ya nini haukuniuliza?"

Sikumwuliza kwa sababu angejua kwamba tunaandikiana, mimi na wewe. Miezi hii yote nilikuwa namwambia kwamba uko kimya, kwamba umepata mwingine huko. Nilisafirisha barua mpaka Kasai kutafuta namba iliyokuwa jikoni kwa Mama.

Akaninyang'anya barua, akafika pale ulipoandika kwamba hataki. Hapo ndipo aliponitazama. "Nani alisema sitaki?" Nikaenda kuchukua karatasi yako ndani ya sanduku langu la vyombo, chini ya spana, ambako ilikaa tangu Julai bila kufunguliwa. Aliisoma amesimama. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Mama amelia, na wajomba wawili wamekuja kusema mtoto wa kike haendi kufia ugenini. Nimewaambia neno juu ya Huguette ni langu, wao wenyewe walinifundisha hivyo, na neno langu ni kwamba aende.

Hasira yangu haijaisha. Miaka minne, Casimir, na ulijua kwamba itaanguka. Lakini wewe ulinidanganya sentimita tano, na mimi nilikudanganya mke. Nikipima hivyo, nanyamaza.

Anayekukabidhi barua hii ni Huguette mwenyewe. Watoto nimewapandisha kwenye behewa kwa mikono yangu. Wana unga wa wiki nne na blanketi tatu, na Dorcelle ana homa kidogo ambayo Mama anasema ni ya meno. Nimesikia treni za sasa zinasimama porini siku nyingi, na watu wanazikwa kando ya reli. Nimefanya lile nililokuwa naliogopa tangu mwanzo.

Ukijibu, usiandike neno lolote juu ya ndege. Niandikie tu kama wamefika wote watatu.

Shemeki wako,
Kunda