Shemeji Yako na Jumamosi Zake

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa dada yangu,

Hujambo? Magoti yanasemaje siku hizi? Na mama, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku miili ni mizima. Wajukuu wanakua haraka, na lugha yetu bado wanaijua ya kuombea chakula tu. Moyo wangu ndio haujatulia.

Ni shemeji yako. Tangu mwezi wa kwanza, kila Jumamosi anavaa viatu vya ngozi, eti anakwenda karakana kumalizia makochi ya watu. Dada, nimeolewa na fundi makochi miaka thelathini na moja, harufu ya gundi naijua kuliko manukato. Shati la Jumamosi linanukia sabuni! Machale yakanicheza. Nikapekua mifuko, nikakuta tiketi za basi la upande wa pili wa mji. Nikamuuliza kwa upole atarudi saa ngapi, akanijibu huku anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Jumamosi ya tarehe mosi nikavaa koti la binti yetu, nikamfuata. Nilishajiandaa kumrarua huyo mwanamke. Akashuka kwenye basi, akaingia geti la chuma, nami nyuma yake. Kumbe ni makaburini. Nikamkuta amepiga magoti kwenye majani na futi yake ya kazini, anapima upana wa watu wawili kama anavyopima kochi.

Aliponiona wala hakuinuka. "Mama watoto, Jumamosi zote hizi natafuta mahali petu. Hapa wajukuu watafika kwa basi moja tu. Kule kwetu watatuona kwenye picha tu."

Nilimfokea mpaka mlinzi akatoka. Miaka yote hii ndiye aliyekuwa akiniapia kwamba tutarudi kuzeekea nyumbani! Bora angekuwa mwanamke, dada, ningemtimua yakaisha. Siku tatu sikumpakulia chakula. Nilikuwa namtazama anavyotafuna mkate mkavu, nawaza kaficha nini kingine.

Siku ya nne nikajikuta namuuliza kama pale jua linafika. Ndipo nikajishtukia mwenyewe.

Kwa hiyo kile chumba unachotufagilia kila Ijumaa, mpe binti yako akae na mumewe. Mama usimwambie kwanza. Akiuliza tunarudi lini, mwambie bado tunafunga mizigo.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa dukani, na wote wanaoniulizia. Mungu awatunze mpaka siku atakapotukutanisha, popote itakapokuwa.

Wako akupendaye,
Mdogo wako wa mwisho