Kumbe mfuaji ni yeye

"Hebu rudia! Nani anafua humu ndani?" Shoga, nimemuuliza mume wangu hapohapo, mbele ya dada yake.

Nilikuwa jikoni nikamsikia kwa masikio yangu: "Mke wangu mvivu, hata nguo za watoto nafua mimi."

Nafua mimi! Mtu asiyejua sabuni inakaa wapi!

Wifi naye: "Pole kaka yangu, ndiyo maana umekonda."

Umekonda! Na kitambi kile!

Sikubishana tena. Nimeshusha mapazia, nimetandua vitanda vyote, nimeloweka kila kitu kwenye beseni miguuni pake. "Haya baba watoto, dada yako aone unavyofua."

Anasugua sasa hivi. Mechi yake imeanza, rimoti ninayo mimi, nimeweka tamthilia.