Maji ya Nyampara

Mujukuu wangu Mariamu,

Hapa Kabambare niko muzima, mbuzi alizala. Tangu bibi yako alikufa, nyumba iko kimya sana.

Unaniuliza: utamupenda namna gani mama mukwe mwenye anakutukana kila siku?

Wakati nilikuwa kijana, mupagazi wa pembe za tembo, nyampara wetu, musimamizi wa wapagazi, alikuwa ananipiga. Siku moja homa ikamuangusha, musafara ukamuacha njiani. Mimi nilifurahi. Lakini kabla ya safari, kule ku ziwa, mwalimu mumoja wa dini alikuwa ametufundisha neno ya Yesu: pendeni adui zenu. Ile neno ilinisumbua, nikarudia kwake na kibuyu ya maji.

"Umekuya kunicheka?"

"Kunywa kwanza. Kutukana, utatukana nyuma."

Akakunywa, akanitukana kweli. Nikamubeba ku mugongo mpaka ku kijiji. Alipona. Hakusema asante. Na mimi vile, ile siku sikumupenda. Nilikuwa nangoja upendo ikuye kwanza, kumbe maji ndiyo inatangulia.

Mariamu, mimi ningali napika bugali ya watu wawili. Na jirani yangu hatusemeshane tangu mbuzi wangu alikula muhogo yake. Leo nitamupelekea sahani ya pili mpaka ku mulango. Sijui kama atafungua.

Babu yako