Mama Mkwe Nimemwandikia Asichezee Matope

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu maana mashine imekwisha kuniponza, na nisipopata wa kunishauri mchumba ataniponyoka. Mimi ni karani hapa Muyeye, na tangu Januari hii ya 1988 nasoma kompyuta katika chuo kimoja chenye kompyuta moja na wanafunzi kumi na mmoja, na tulipofika somo la masharti, yaani kuiambia mashine kama jambo ni hivi fanya hivi, la sivyo fanya vile, kichwa kilinivimba nikajiona profesa. Basi dada yangu Fatu alipokaribia kuolewa nikajigamba kwamba barua za mwaliko itaziandika kompyuta, nikaipa majina na umri wa wageni, nikaiamuru: kama mgeni amezidi miaka hamsini andika "Shikamoo, tunaomba utuheshimu kwa kuhudhuria", kama hajafika kumi na miwili andika "Hujambo mwanangu, njoo ule pilau, lakini usichezee matope", la sivyo, salamu ya kawaida. Wale nisiojua umri wao niliacha wazi, akiwemo Bi Mwanasiti wa Mambrui, mama yake mchumba wangu Mastura, maana nani atamuuliza mkwewe umri? Kumbe pale pa wazi mashine ilihesabu sifuri, na mimi kwa kiburi nikazitia barua kwenye bahasha bila kuzisoma, kwa hiyo mama mkwe ameambiwa asichezee matope, na mwalimu wangu wa Kurani vilevile.

Ningeomba radhi yangeisha, lakini nilipoitwa Mambrui nilisema, "Si mimi, mama, ni Nyevu aliyechapa." Nyevu ni mwanafunzi mwenzangu kutoka Kaloleni, hakugusa hata herufi, alinionyesha tu namna ya kutia karatasi. Maneno yakafika chuoni, mkuu amemsimamisha masomo hadi mwisho wa mwezi aamue la kumfanya, na mimi nimekaa kimya. Jana Mastura kanijia: "Mama alipoisoma barua alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini anasema uso wako ulipomtaja yule msichana haukumpendeza." Nikisema kweli nitaonekana mjinga na mwongo, nikinyamaza nitaonekana mjinga tu. Nifanye nini?

Stambuli, Muyeye

Marahaba, Stambuli.

Nimecheka nikamwaga kahawa, kisha nikafika kwa Nyevu nikaacha kucheka. Kompyuta mimi nimeiona pichani tu, lakini kosa lako nalielewa: ulipaswa uiambie kwanza kwamba kama umri haujulikani, itoe salamu ya heshima. Anayejifunza hukosea, na hilo utalirekebisha kwa mstari mmoja. Na usijidanganye kwamba ukinyamaza utabaki mjinga tu. Mtu mmoja tayari anajua u mwongo, naye yuko kwao hana darasa.

Mambrui usiende kwanza. Panda gari la Kaloleni, umwombe Nyevu radhi mbele ya wazazi wake, na hadithi za sifuri usiwapelekee. Wakikufokea, inamisha kichwa. Ukitoka huko nenda kwa mkuu wa chuo na barua yenye sahihi yako, na akikufukuza ondoka bila kelele. Ndipo uende kwa Bi Mwanasiti. Akikunyima binti yake utaumia, ndiyo, lakini utapona. Nyevu akikosa cheti kwa ajili yako, hakuna atakayemrudishia.

Mwezi unakwisha. Usimalize kulisoma gazeti hili.