Jina Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Chicago, 3 Februari

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya Duluth? Mimi mzima.

Faili la wimbo wa kumkumbuka Mama limefika. Programu yangu ya kuandikia muziki ni ya zamani, imekataa kulifungua. Lakini kile kipicha cha ukurasa wa kwanza, kinachoonekana kabla ya kufungua, nimekiona. Juu pameandikwa jina lako, Arvid Lindgaard, peke yake. Baba, wimbo nimetunga mimi. Wewe nilikuomba uunakili tu kwenye kompyuta, kwaya yako iuimbe Pasaka. Imekuwaje?

Bintiyo,
Signe

Duluth, 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanung'unika kama wanakwaya wa sauti ya kwanza.

Umeanza tena na dhana zako! Nunua toleo jipya, fungua faili, usome. Kuhukumu wimbo kwa kipicha cha ukubwa wa stempu, ndicho walichokufundisha chuoni?

Baba yako

Chicago, 14 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Nimekuuliza swali, umenituma dukani. Nikihamia toleo jipya, kila nitakachohifadhi humo hakitafunguka tena kwenye la zamani. Nina kazi za miaka sita. Mbona unanisukuma? Ungeweza kuandika tu, "Jina lako lipo." Hukuandika. Basi nimemwandikia Mchungaji Halvorsen wa kanisani kwenu kwamba umejipa wimbo wangu.

Signe

Chicago, 2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Hukujibu, nikanunua toleo jipya.

Pameandikwa Signe Lindgaard. Jina lako halimo popote, hata kama mnakili. Fundi amenieleza: faili likianzishwa, programu hujaza yenyewe jina la mwenye kompyuta. Kipicha kilibaki cha siku hiyo ya kwanza, kabla hujaandika jina langu, kwa sababu ulizima kipicha kisijibadilishe kila mara, ili kuhifadhi faili kusichelewe. Hata mimi nimekizima hivyohivyo kwangu miaka yote, na bado sikuwaza hilo. Niliwaza wizi.

Mchungaji nimemwandikia upya. Nisamehe.

Bintiyo,
Signe

Chicago, 10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Uko salama? Simu hupokei.

Shangazi Gerda ameniambia wimbo uliimbwa Pasaka, na watu walilia. Mchungaji alikuita mbele uongoze, ukatikisa kichwa. Ulikaa benchi la mwisho, koti mwilini, ukatoka kabla ya kahawa ya baada ya ibada. Miaka thelathini hujawahi kutoka kanisani kabla ya kahawa.

Bintiyo, kama bado,
Signe