Bendera Kwapani, Stesheni ya Kigoma

Shikamoo dada Zuhura, shikamoo tena. Utaelewa kwa nini nimeirudia.

Nakuandikia ndani ya behewa, bado nacheka peke yangu. Stesheni ya Kigoma ni jumba jeupe la enzi za Mjerumani, limejaa matao, linalitazama ziwa kama mwenye mji. Gadi alikwishainua bendera ya kijani treni iondoke, ndipo nikamwona Mama Ashura, mwenyeji wangu wa Ujiji, anakuja na kifurushi cha migebuka, samaki wa ziwani niliowasahau jikoni kwake. Nikapiga kelele dirishani, "Mama, fanya haraka!"

Akasimama palepale. "Mwanangu, leo hata hujaniamkia."

Nikamwamkia. Kisha akamgeukia gadi, akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimiana. "Mwakeye!" Gadi akaibana bendera kwapani ili naye apate mikono ya kupiga makofi. Wakaulizana habari za watoto, mihogo, mvua, mpaka mbuzi. Behewa zima lilitulia, hakuna aliyenung'unika. Walipomaliza, samaki wakapita dirishani na bendera ikapanda tena.

Dada, watu hawa nimewapenda mno! Samaki ni wako, wamekaangwa kwa mawese, behewa zima linanukia. Ila Mama Ashura kaniapisha nisikukabidhi samaki hao kabla hatujasalimiana sawasawa. Basi nikibisha hodi, usiniangalie mikononi. Nitakuulizia shemeji, watoto, majirani, mpaka yule paka wako mwizi. Mwache aje mlangoni naye aitikie, ndipo tule.

Mdogo wako akupendaye,
Hamisi